Chupa Iliyonifikisha Hniezdne

Garimoshi la Poprad kwenda Plaveč, kaskazini mwa Slovakia, ni dogo, kama mabasi mawili yaliyofungwa pamoja, na halina haraka. Nilikaa dirisha la kushoto kwa ajili ya milima ya Tatra. Ilikuwa Mei, lakini mlima Gerlachovský štít, wenye mita 2,655, bado ulikuwa na theluji kichwani. Chini yake mashamba ya ngano yalishafika magotini. Ngano hiyo hupandwa vuli, inalala chini ya theluji miezi kadhaa, kisha huvunwa kiangazi.

Safari yenyewe niliianza kwa sababu ya chupa. Rafiki yangu anayo moja kabatini, vodka iitwayo Double Cross: kioo kizito cha pembe nne, kimechongwa mistari ya ushairi wa Kislovakia. Jina limetokana na msalaba wenye mikono miwili ulio kwenye nembo ya taifa la Slovakia. Kwa Kiingereza jina hilohilo ni kusalitiana. Kuuza kinywaji kwa jina hilo kunataka moyo, na Marekani kimeuzika.

Vodka hiyo hutengenezwa Stará Ľubovňa. Mimi nilishuka kilomita chache kabla, Hniezdne, maana pale kiwanda cha pombe kali kina makumbusho na wageni huonyeshwa kazi. Ndiko inakotoka pia Nestville, wiski ya Kislovakia.

Harufu ilinipokea kabla ya mwenyeji. Ni ile ya uji uliosahaulika jikoni siku tatu, na kwa aliyewahi kupita uchochoro wanakopika gongo haihitaji tafsiri. Dada aliyetutembeza alieleza taratibu: nafaka inasagwa, inapikwa kwa maji moto, vimeng'enya vinageuza wanga kuwa sukari, inapoozwa, inatiwa hamira. Siku chache baadaye unapata kitu kama bia isiyo na utamu, kinatoa mapovu. Hicho ndicho kinachopandishwa kwenye minara ya kukenekea. Pombe hugeuka mvuke kwenye nyuzi 78, maji hungoja 100, na kazi yote imesimama juu ya tofauti hiyo.

Nilimuuliza kuhusu ile namba ya saba. Double Cross hujinadi kwamba imekenekwa mara saba na kuchujwa mara saba. Alicheka kidogo. Mnara mmoja mzuri, akasema, unafikisha pombe asilimia 96, na hapo hakuna pa kwenda zaidi. Yeye aliona jambo kubwa ni unachokimwaga. Yanayotoka mwanzo huitwa úkvap, yana ukali wa kutonesha machozi, na ya mwisho ni dokvap, yananuka kama kitambaa kilicholowa. Kinachobaki ni cha katikati.

Hapo nilimkumbuka mama mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akipika gongo. Bomba lake la shaba lilipita kwenye pipa la maji, na hakumwaga hata tone. Ya kwanza ndiyo aliyoiuza ghali, akaiita "yenyewe". Yule dada hakushangaa. Mwaka 2012, akasema, jirani zao wa Czech walizikana makumi kwa pombe iliyochanganywa methanoli, ambayo ni sumu, na Slovakia ikapiga marufuku kwa muda pombe kali kutoka huko.

Baada ya minara kuna mkaa wa kuchujia, halafu maji. Hapa Waslovakia wanajivuna na hawaoni haya, kwani asilimia 60 ya chupa ni maji, na ya Tatra ni baridi na matamu. Nilikunywa glasi mbili za maji kabla ya kuonja chochote.

Jioni Stará Ľubovňa, chini ya ngome ambamo mataji ya wafalme wa Poland yalifichwa Waswidi walipovamia nchi yao karne ya 17, niliingia baa nikaiulizia Double Cross. Mhudumu akatikisa kichwa, akanimiminia borovička, pombe kali ya mreteni. Mzee wa meza ya pili akainua yake, "Na zdravie!" Nikaitikia. Ikashuka ikinuka msitu.

Chupa nikaipata kesho yake, duka la tatu. Kwenye garimoshi nilimpa bibi aliyeketi mbele yangu anisomee ule ushairi. Akavaa miwani, akaigeuza chupa mara mbili, akasoma polepole hadi Kežmarok.