Siku moja na fundi sefu: duka la silaha, galoni la petroli na daftari

Saa 11 alfajiri

Ninakaa Gongo la Mboto na karakana yangu iko Gerezani, kwa hiyo daladala nalitafuta kabla hakujapambazuka. Ukichelewa, Barabara ya Nyerere haina huruma.

Gari linapita Ukonga. Wakazi wa huku hatujasahau usiku wa Julai 12, 2015, Kituo cha Polisi Stakishari kilipovamiwa, askari na raia wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Na kabla ya hapo tulikuwa na yetu, Februari 16, 2011, ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka usiku, watu wakakimbia na watoto mgongoni bila kujua wanakimbilia wapi. Mbagala yaliwakuta mapema zaidi, Aprili 29, 2009. Hayo yote ninayabeba nikiletewa kazi inayogusa silaha. Fedha ikiibwa anaumia mwenye fedha. Bunduki ikiibwa anaumia mtu ambaye hata hajui duka liko mtaa gani.

Saa 1 asubuhi

Kijana wangu ameshafika, mashine ya kuchomelea imeshawaka. Tunamalizia kabati la bunduki la kampuni ya ulinzi: pleti ya milimita sita, makomeo yanayoingia pande zote nne za mlango, bawaba zimefichwa ndani. Wateja wengi wanataka kabati la bati jembamba lililopakwa rangi nzuri kwa sababu bei yake ni nafuu. Mimi huwaonyesha grenda ikikata bati hilo, huku wakitazama saa. Hakuna sefu isiyofunguka duniani. Mteja ananunua dakika, na dakika hizo ziwe nyingi kuliko anazohitaji mlinzi au polisi kufika.

Saa 3 asubuhi

Simu inaita. Ni mzee mmoja mwenye duka la silaha katikati ya jiji. Amesoma habari za duka la silaha ng'ambo lililovunjwa usiku, bunduki zikabebwa, kisha likachomwa moto. "Fundi, sikulala. Njoo uniangalizie kwangu." Nikachukua futi, tochi na nyundo ndogo nikaondoka.

Saa 4 hadi saa 7

Mbele ya duka pako vizuri: geti la chuma, kufuli nzito, mlinzi, nguzo za zege zinazozuia gari kupanda hadi mlangoni. Hizo nguzo nimezisifu, maana Marekani wezi wa maduka ya silaha hugongesha gari ukutani na kuingilia hapo hapo. Lakini mwizi wa Dar haji na geti akilini. Anaangalia juu na pembeni. Nilipanda ngazi nikainua ubao mmoja wa dari: juu yake ni mabati tu, hakuna nondo hata moja. Halafu nikagonga ukuta wanaochangia na stoo ya jirani. Ni tofali la kulaza moja, bila zege ndani. Mtu akipanga stoo hiyo mwezi mmoja, anatoboa usiku kwa tindo na mtarimbo, na mlinzi wa barabarani hasikii kitu.

King'ora kipo, ila hakina betri. LUKU ikiisha au umeme ukikatika, kimekufa. Nikamwambia mzee betri iwekwe wiki hii hii.

Kisha tukaenda nyuma. Kwenye kijia chembamba kati ya choo na mlango wa stoo kuna jenereta, na pembeni yake galoni la petroli la lita ishirini, limejaa. Nilisimama pale kwa muda. Anayetaka kuchoma duka hili hana haja ya kuja na kitu chochote. Mafuta yanamsubiri mlangoni. Nilimwomba mzee tulitoe kabla sijaendelea na kazi nyingine, na alimwita kijana wake saa ile ile.

Hapo ndipo tulipokaa kuzungumza jambo lililonileta. Watu wengi wakisikia mwizi ameiba halafu akachoma, wanadhani ni hasira au ukatili tu. Mimi naona hesabu. Moto unakula alama za vidole. Unakula mashine inayohifadhi picha za kamera, ambayo kwa mzee iko chini ya kaunta, mahali pa kwanza kuguswa. Na unakula daftari la namba za bunduki. Bunduki iliyoibwa hutafutwa kwa namba yake iliyochongwa kwenye chuma. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo ambao Tanzania imo, inazitaka nchi zetu ziweke alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake kwa sababu hiyo. Daftari likiungua pamoja na duka, asubuhi mwenye duka anasimama mbele ya polisi na hawezi kusema kwa uhakika ni bunduki zipi zimetoka na zipi zimo kwenye majivu. Kila saa inayopita bila orodha, silaha zinasogea.

"Nakala yako iko wapi, mzee?" Akanyoosha kidole: droo ya pili, chini ya daftari lenyewe.

Marekani sheria ya shirikisho inampa muuza silaha mwenye leseni saa 48 tangu agundue wizi awe ametoa taarifa. Lakini sheria hiyo hiyo haimlazimishi kufungia bunduki kwenye sefu usiku. Yapo majimbo yaliyoweka masharti yao, mengine hayajaweka. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa. Bunduki iliyobaki kwenye kabati la kioo baada ya kufunga duka imeachwa kwa yeyote mwenye jiwe.

Mzee alitaka sefu moja kubwa aweke vyote: bunduki, risasi, makaratasi. Nilimkatalia. Karatasi huanza kuharibika kwa joto la karibu nyuzi 177 za Selsiasi, hivyo kasha la nyaraka hujengwa kwa jipsamu katikati ya kuta mbili. Jipsamu ina maji kama sehemu moja ya tano ya uzito wake. Moto ukiipata maji hayo yanatoka kama mvuke na ndani panabaki na ubaridi kwa muda. Kabati la chuma tupu, moto ukikolea, linageuka tanuri. Risasi nazo zina tabia yake. Ikiwa nje ya bunduki ikapata moto, hupasuka na ganda kuruka vipande, ila haiendi kwa nguvu ile ya kupita kwenye mtutu. Iliyosahauliwa ndani ya bunduki hutoka kama imefyatuliwa. Baruti mahali penye nafasi huungua kwa kasi. Ukiibana ndani ya chuma kizito kisichopumua, hulipuka. Kwa hiyo risasi zikae peke yake, kwenye kabati lenye kufuli lakini lisilobana hewa, mbali na bunduki na mbali na chochote cha mafuta. Na zimamoto wakipigiwa 114, neno la kwanza waambiwe ndani kuna risasi na ziko kona gani. Wale ni watoto wa watu.

Saa 8 mchana

Ugali na dagaa kwa mama ntilie, haraka.

Saa 9 alasiri

Tabata. Mama mmoja amefiwa na mumewe, anataka nifungue sefu ndogo ya chumbani, namba aliondoka nayo marehemu. Nikamwamkia, nikampa pole, nikauliza ndani kuna nini. "Hati ya nyumba, mwanangu. Na bastola ya baba yenu." Nikarudisha vifaa kwenye mfuko. Leseni ya silaha ni ya mtu kwa jina lake, na mwenye jina hayupo tena. Nilimweleza taratibu kwamba nitafungua akiwepo askari wa kituo chao, bastola iondoke naye kwa maandishi, na hati abaki nayo yeye. Aliogopa kwamba polisi wataona amefanya kosa. Tukampigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akaja, wakapanga kwenda kituoni kesho. Sijalipwa nauli, na sikuidai.

Saa 1 usiku

Mzee wa duka amepiga tena. Galoni limehamia kwenye kibanda cha nje chenye kufuli. Nakala ya daftari ameipeleka kwa wakili wake, na ameniahidi ataibadilisha kila jioni ya Ijumaa. Nimemwomba iwe kila siku anapouza au kupokea silaha, naye amekubali. Mashine ya kamera tutaihamishia kwenye chumba cha juu. Jumamosi duka likifungwa tunaanza na dari: nondo za milimita 12, zichomelewe kwenye fremu iliyokazwa kwenye zege. Ukuta wa jirani utafuata, tukipata ruhusa ya mwenye jengo.