Tulivyohamia ofisi ambayo hakuna mtu mwenye meza yake, hapa hapa Mwanza

Kama ofisini kwenu zimeanza zile habari za "tunahama, na huko tunakoenda hakuna meza ya mtu", ngoja niwasimulie ilivyokuwa kwetu maana mimi ndio nilibebeshwa zoezi zima. Ni afisa utawala kwenye shirika linalofanya kazi na wavuvi na wakulima wa pembezoni mwa ziwa. Ofisi ya zamani ilikuwa nyumba ya kuishi kule Isamilo, zile nyumba za zamani zenye vyumba vingi na baraza, kila chumba watu wawili watatu, mlango una kufuli na ufunguo mtu anaondoka nao. Sasa hivi tuko mjini kati, ghorofa moja, watu kama 50 na meza 30 na kitu.

Kabla hujaguna, hiyo hesabu ina sababu. Zaidi ya nusu yetu ni watu wa fildi, Jumatatu unawaona wote, Jumanne asubuhi mmoja yuko kwenye meli ya Nansio, mwingine ameshavuka daraja la Kigongo–Busisi anaelekea Sengerema, mwingine yuko Magu na simu haipatikani. Ukipita Isamilo Jumatano unakuta vyumba vimefungwa, vitupu, huku tunalipia ukumbi wa hoteli kwa kikao cha watu kumi kwa sababu kwetu hakuna chumba cha kuwatosha. Yaani pesa tulikuwa tunazo, zimefungiwa kwenye vyumba.

Mtindo wenyewe sio wa jana. Waholanzi ndio waliusukuma miaka ya 1990, mshauri mmoja anaitwa Erik Veldhoen na kampuni ya bima ya Interpolis mjini Tilburg, na wazo lao ni kwamba mahali pa kukaa unapachagua kwa kazi uliyonayo saa hiyo na sio kwa cheo chako. Una ripoti, unaenda sehemu ya kimya. Una simu ndefu, unaingia kwenye kibanda. Mnapanga safari timu nzima, mnakaa meza kubwa. Sasa bosi wetu, yaani mkurugenzi, mwanzoni alisikia "tuvunje kuta zote tumwage watu ukumbini", na hiyo ni kitu kingine kabisa. Nilimwonyesha utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard, wa 2018, walifuatilia makampuni mawili yaliyohamia ofisi za wazi wakakuta watu kuongea ana kwa ana kumeshuka kwa karibu asilimia 70, email ndio zikaongezeka, mtu anamwandikia jirani yake anayemuona. Nikamwambia pia habari ya Chiat/Day, kampuni ya matangazo ya Los Angeles, mwaka 1994 walinyang'anya watu meza, asubuhi watu wanachukua simu na laptopu kwenye dirisha la kugawia, matokeo yake wengine wakawa wanatunza makaratasi kwenye buti la gari. Bosi akacheka, ila bajeti ya vibanda na chumba cha kimya haikukatwa tena.

Tangazo lilipotoka grupu la WhatsApp liliwaka. Nilisoma meseji zote, hata zile za kejeli, na hakuna hata mmoja aliyelalamikia viti au rangi za ukuta. Walikuwa wanauliza mgeni wangu atanipataje, vitu vyangu naweka wapi, mimi na kijana aliyeajiriwa juzi tutagombania kiti? Na chini ya yote kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyeliandika wazi, kwamba meza zikiwa pungufu si ndio watu wanapunguzwa hivyo? Kwa hiyo kabla ya ramani kabla ya chochote nilimuomba mkurugenzi asimame mbele ya watu aseme hakuna ajira ya mtu inayoguswa na huku kuhama, halafu aandike barua, asaini, ibandikwe ubaoni. Akafanya. Bila ile barua ningeleta hata sofa za ngozi watu wangeziona ni za msibani.

Washauri waliochora ofisi walitupa dodoso, maswali mengi eti unatumia asilimia ngapi ya siku kwenye kazi za umakini. Watu wanajaza wanachodhani unataka kusikia, nani ataandika anapiga stori asilimia 30? Nikaliweka pembeni, nikaomba ruhusa chumba kwa chumba, nikachukua daftari nikapita na mama wa usafi tukaangalia chini ya meza na nyuma ya milango. Mama huyu ndio anajua ofisi kuliko mtu yeyote, anajua nani anakuja saa kumi na mbili asubuhi, nani meza yake haina vumbi kwa sababu anafanya kazi na nani meza yake haina vumbi kwa sababu yeye mama anaifuta na mwenyewe haonekani wiki nzima.

Tulichokuta chini ya hizo meza ndio ofisi yenyewe. Kandambili, viatu vya pili, khanga, chupa za chai, hotpoti, miavuli, msala wa kuswalia, dawa za presha, helmeti za pikipiki, makoti ya mvua, mabuti yenye tope la Kwimba bado bichi, mzani wa kupimia samaki, kipande cha nyavu cha kuonyeshea macho ya wavu yanayoruhusiwa, mfuko wa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ambao mwenyewe aliapa ni wa mjomba. Sasa rudi kwenye ramani ya washauri: loka zenyewe ni ndogo, zinaingia laptopu na pochi basi. Hotpoti inaenda wapi? Helmeti je? Ile orodha ya daftarini ndio nilienda nayo kwenye kikao, nikaisoma yote mpaka michembe, na loka zikaongezwa kimo, mlangoni kukawekwa rafu ya helmeti na vyuma vya kutundika makoti yanayochuruzika, na kukatengwa kachumba kenye komeo la ndani kwa ajili ya swala na kwa mama anayenyonyesha, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha na sio akajifiche chooni. Friji ikawa mbili. Hii ya pili watu wa nje hawaielewi, lakini mtu akipita soko la samaki la Mwaloni Kirumba mchana akarudi na sato wake wa nyumbani, utamwambia nini?

Kilichofungua mlango hasa ni bosi. Washauri walimchorea chumba cha pembeni chenye kioo kinachotazama ziwa. Nilimwambia mzee, ukikaa humo mimi huku nje sina la kumwambia mtu. Alinyamaza, akaniambia atafikiria, na akafikiria muda mrefu kweli, baadaye akasema sawa ila apate chumba kidogo cha kuongea mambo ya siri, na mtu yeyote mwenye jambo la siri akitumie pia. Hicho chumba cha pembeni kikawa cha vikao. Habari ilizunguka haraka kuliko tangazo lolote nililowahi kuandika.

Pamoja na hayo sio kila mtu azungushwe, na hapa nilibishana na washauri sana. Mhasibu ana sefu na mashine ya risiti, abaki na meza yake. Mapokezi wabaki. Kuna mwenzetu anatembea kwa magongo, yeye ana sehemu ya kudumu karibu na lifti, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iko wazi na hata isingekuwepo ni ubinadamu tu. Dada mwenye tatizo la mgongo ana kiti chake kina jina. Sababu tuliziandika, tukazibandika, kwa hiyo aliyekuja kusema "na mimi nina miaka mingi hapa" aliambiwa miaka ni heshima lakini haimo kwenye orodha.

Halafu mzee wa masjala. Makabati yake yalijaza chumba kizima na nusu ya korido, na ghorofa mpya ilikuwa inampa ukuta mmoja. Aliniita pembeni, "Mwanangu, haya mafaili mimi nitayabeba mgongoni kama mwanafunzi?" Nikamwambia shikamoo kwanza, tukakaa. Sikumuelezea mambo ya kuskani. Nilimuuliza yeye kati ya haya yote yapi yakipotea tunafungwa jela. Akaanza kunionyesha, mikataba hii, hati za viwanja hizi, nyaraka za kodi miaka 5 usiguse, hizi hapa ni barua za mialiko ya semina, hizi sijui nani aliniletea. Kumbe yeye alikuwa anasubiri miaka mtu amuulize. Mkurugenzi akampa barua ya kuongoza zoezi la kupunguza mafaili, vijana wawili wa kuskani wakawa chini yake, na nakuambia walikoma, karatasi haiingii kwenye mashine mpaka yeye aitazame. Leo ukuta mmoja unamtosha na nafasi inabaki.

Kabla ya kuhama rasmi tuliwapeleka watu kwa makundi Jumamosi, na laptopu zao, wafanye kazi yao ya kweli pale. Sio kutembezwa kama watalii. Waliona wenyewe ndoo ya maji iko wapi, daladala ya Buhongwa na ya Igoma unashukia wapi sasa, soketi zipi zinabaki hai umeme ukikatika (tulizipaka rangi nyekundu). Na majina ya sehemu waliyatoa wao. Ramani ilikuwa inasema "eneo la umakini" na "eneo la ushirikiano", majina ambayo huwezi kumwambia mtu kwa mdomo bila kucheka. Wao wakaita chumba cha kimya Saanane, kama kile kisiwa cha hifadhi, meza kubwa ya timu Mwaloni, kama lile soko, viti vya wageni pale mbele Kamanga, kama kile kivuko, kwa sababu ndipo unaposubiri kuvuka. Kazi ya kuwekeana sheria za ofisi ikaisha hapo hapo. Mtu akipokea simu chumba cha kimya anaambiwa tu "kaka, hapa Saanane, Mwaloni kule", anatoka anacheka.

Ugomvi ulikuwepo, tusidanganyane. Wa kwanza ni wa mtandio, yaani mtu anawahi, anaacha mtandio au koti kwenye kiti, anaondoka mpaka saa sita. Tulikubaliana kitu kikikaa masaa mawili bila mwenyewe kinaondolewa kinapelekwa mapokezi, na nani aondoe? Mimi nikiondoa ni utawala unaonea watu. Tukampa kazi hiyo mama wa usafi, na ndani ya wiki ya kwanza alibeba koti la mkurugenzi. Ofisi nzima ilikuwa inamtazama anavyokatiza nalo. Mkurugenzi akalifuata mapokezi, akasema "asante mama", na tangu hapo sijasikia kesi ya mtandio.

Wa pili ni madirisha ya ziwani. Asubuhi kila mtu anayataka, upepo, unaona boti, raha tupu. Ikifika saa tisa jua lote la magharibi liko usoni, kioo cha laptopu hakisomeki, na watu wanahama wenyewe na vikombe vyao. Hilo sikuligusa, jua lilifanya kazi yangu.

La salamu sikulitegemea kuwa kubwa hivyo. Isamilo ukiingia unapita mlango kwa mlango, shikamoo mzee, mwangaluka mayu, za nyumbani, ndio siku imeanza. Huku mzee leo yuko pale kesho yuko kule, vijana wakawa wanapita bila kuamkia, sio kiburi, hawajawaona tu, na wazee wakaanza kununa. Dawa yake ilikuwa chai. Tuliacha kupeleka chai mezani, chupa zote ziko kona moja, na kuanzia saa nne kasoro watu wote wanapita pale, unaamkia wote kwa mkupuo. Wageni nao: mvuvi katoka Ukerewe ana shida na afisa wake, anataka kuona "ofisi ya fulani", ukimwambia hana ofisi anadhani amefukuzwa kazi. Kwa hiyo mapokezi kuna ubao, kila anayeingia anasogeza kipande chenye jina lake aweke Saanane, Mwaloni, kikaoni au fildi, na dada wa mapokezi anampigia aje yeye kwa mgeni, sio mgeni azungushwe humo ndani kumtafuta.

Kinachotusumbua mpaka sasa ni vibanda vya simu. Watu wa fildi wakirudi wanapiga simu siku nzima, na vibanda tulivyonavyo ukifika saa tano vimejaa, mtu anaongea na mwenyekiti wa kijiji akiwa kwenye ngazi za dharura. Bosi ameshakubali viongezwe viwili, fundi wa Mabatini ameshapima, tunamsubiri mwenye jengo atoe ruhusa ya kutoboa ukuta.