Upanga mwembamba wa Ufaransa: kuchoma bila kuchomwa

Ukiuona upanga huu makumbusho, utadhani ni pambo. Kipini kimenakshiwa kwa fedha, chuma chenyewe ni chembamba, na uzito wake wote mara nyingi ni gramu 400 hadi 550 tu. Ni kweli waungwana wa Ulaya waliuvaa kiunoni kama sehemu ya mavazi, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 17 hadi karibu na mwisho wa karne ya 18. Hata hivyo uliundwa kwa kazi moja, kuchoma, na kila kinachofundishwa juu yake kinatokana na umbo lake.

Chuma chake kina urefu wa sentimita 75 hadi 85. Ukikikata kwa upana utaona pembe tatu, na kila upande umechimbwa mfereji. Mifereji hiyo hupunguza uzito, huku zile pembe tatu zikikifanya kiwe kigumu, kisiyumbe kinapoingia. Makali hakina, au kinayo kidogo sana. Kwa sisi tuliozoea kitara na jambia za pwani, silaha isiyokata inashangaza. Faida yake ni kasi. Huhitaji kuinua mkono ili kupiga, kwa hiyo mpinzani haoni dalili yoyote mapema.

Kipini hushikwa kwa vidole. Kidole gumba kilale bapa juu ya kipini, karibu na ngao ndogo inayokinga mkono, na cha shahada kikae upande wa chini kikiwa kimekunjwa kidogo. Hivyo viwili ndivyo vinavyoongoza ncha. Vingine vitatu vinasaidia tu. Wanaoanza hukaba kipini kwa ngumi, na matokeo yake huonekana upesi: misuli ya mkono hukakamaa, ncha huanza kuchora duara kubwa, na kila kinga, yaani mwendo wa kuzuia chuma cha mpinzani, inapita mpaka nje ya mwili. Kinga ikishapita mwili, umemfungulia mpinzani mlango wa upande wa pili.

Unaposimama, visigino viwe kwenye mstari mmoja, mguu wa mbele uelekee kwa mpinzani na wa nyuma ukae kwa pembe mraba. Magoti yakunjwe. Domenico Angelo, Mwitaliano mzaliwa wa Livorno aliyefungua shule London na kuchapisha kitabu chake cha mafunzo mwaka 1763, alitaka uzito uegemee zaidi mguu wa nyuma. Ana hoja nzuri: kifua kinakaa mbali na ncha ya mwenzako, na mguu wa mbele uko huru kuondoka.

Unapojitupa mbele, mkono hutangulia. Unyooshe kwanza, ncha iwe imelenga, ndipo mguu wa mbele uondoke. Goti lisimame wima juu ya kifundo, lisivuke vidole. Unyayo wa nyuma ubaki sakafuni wote. Unyayo huo ukilala upande, kifundo kinaweza kuteguka, na utachelewa kurudi. Mguu ukitangulia mkono, umeleta kifua chako mahali pa kuchomwa kabla hujatishia chochote.

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Mtu aliyechomwa kwa ncha nyembamba haanguki papo hapo. Anaweza kubaki na nguvu za kutosha kukurudishia. Ndiyo maana walimu wa zamani waliogopa sana wapiganaji kuchomana kwa pamoja, na ndiyo maana mkono unaochoma lazima wakati huohuo ukinge. Ukichoma upande wa ndani kwa mkono wa kulia, yaani karte, kucha zitazame juu na mkono usogee kidogo kushoto, ili shina la chuma chako, ile sehemu ya karibu na kipini, likutane na wembamba wa chuma chake. Upande wa nje, yaani tiersi, kucha zitazame chini na mkono uende kulia. Kusogea huko ni kwa upana wa kiganja tu. Usiposogea hivyo, utampata naye atakupata.

Mskoti William Hope alilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba mwaka 1707 alitoa mfumo mpya unaoanza na mkono juu na ncha ikielekea chini, kwa sababu aliamini mkao huo unafunga njia nyingi zaidi. Hauna urembo, na bega huchoka upesi, lakini ninamwelewa.

Zoezi lenye faida kubwa ni rahisi. Mmoja anachoma karte, mwenzake anakinga na kujibu palepale, wa kwanza anarudi nyuma huku akikinga jibu hilo. Fanyeni polepole mara kumi, kisha badilishaneni. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayookoa uhai.

Ustadi huu haukuwa wa Wazungu peke yao. Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, alilelewa katika shule ya upanga ya La Boëssière huko Paris, akawa miongoni mwa wachezaji wa upanga walioheshimiwa kuliko wote Ulaya. Tarehe 9 Aprili 1787 alipambana na Chevalier d'Éon, mwanadiplomasia na jasusi wa Ufaransa, mbele ya mwana wa mfalme wa Uingereza, katika jumba la Carlton House, London.

Kwa mazoezi ya leo, wengi hutumia chuma kifupi cha epee, upanga wa mchezo wa kisasa, chenye pembe tatu vilevile, kilichofungwa kipini cha umbo la zamani. Barakoa ya waya ni lazima hata kwa zoezi la polepole. Ongeza koti la mchezo, kinga ya koo na glavu inayofunika mwisho wa mkono wa koti, maana ncha hupenda kuingia hapo. Kabla ya kuanza, pitisha kidole juu ya kifuniko cha mpira kwenye ncha, kisha kitazame chuma kwa urefu wake. Kikipinda kidogo kwenda upande mmoja, kinaweza kunyooshwa taratibu chini ya soli ya kiatu. Kikijikunja kama herufi S, au kikiwa na mkunjo mkali mahali pamoja, kitoe kabisa: kitavunjikia hapo, na kipande kinachobaki mkononi huwa na ncha kali.