Nilivyojifunza kuujua mti wa udi ulioanza kushika mafuta

Wengi wetu udi tunaujua ukishafika kwenye chetezo. Mimi biashara imenifikisha Assam, India, ambako wakulima huupanda nyuani pamoja na mipopoo, nasi wanunuzi huununua ungali umesimama. Hapo ndipo penye kazi, kwani mti usio na jeraha mbao yake ni nyeupe, laini, nyepesi, wala hainukii. Mafuta yanayonukia, ambayo ndiyo tunayoyatafuta, ni kinga ya mti dhidi ya kuvu iliyoingia ndani.

Huko kuvu hufunguliwa njia na kiwavi wa nondo aitwaye Zeuzera conferta, anayetoboa shina. Basi kwanza nalizunguka shina nikitafuta matundu na unga wa mbao uliodondoka. Kisha natazama juu kama majani yamedumaa na kupauka, au matawi ya kileleni yamekauka. Dalili za juu peke yake siziamini, maana hata ukame huleta hayo. Zikiandamana na matundu na gome lililovimba au kupasuka, ndipo namwomba mwenye mti ruhusa ya kufungua kidirisha kwenye gome.

Kwa patasi kali nafungua upana wa vidole viwili, kando kidogo ya tundu. Mwenye pupa akiona rangi ya kahawia hushangilia, lakini mbao iliyooza nayo ni ya kahawia. Iliyooza hubonyea kwa ukucha, humung'unyika na hunuka uvundo. Iliyoshika mafuta ni ngumu kuliko nyeupe iliyo jirani yake, patasi hukwama, na mkato hung'aa. Ukisogeza jicho utaona nukta na mistari myembamba ya kahawia iliyoiva ikifuata urefu wa shina. Hiyo ndiyo mishipa inayojaa mwanzo. Penye tundu mbao huwa imeoza, hufuata utepe mweusi, kisha weupe. Mali iko kwenye utepe ule.

Ithibati yangu ni kaa la moto. Nabandua banzi jembamba kama njiti ya kiberiti, nalilaza juu yake. Mbao tupu hutoa moshi wa kuni moja kwa moja. Yenye mafuta hutokota ukingoni, povu dogo likatoka, ndipo harufu tamu ikapanda. Mafuta yakiwa machanga, utamu huo hukatika upesi na moshi wa kuni hurudi. Kuutosa kwenye maji hakusaidii hatua hii, kwani udi unaozama ni ule uliosheheni, na huu mchanga utaelea tu.

Utepe ukiwa mwembamba kama uzi, namsihi mwenye mti asiukate. Tangu 2005 jamii yote ya Aquilaria, ambamo mti huu wa udi umo, imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuhangaikia kibali cha kuusafirisha nje kwa mzigo wa banzi nyeupe ni hasara tupu. Lakini naye ana ada za shule na arusi za kulipia. Kwa hiyo namwachia arubuni, tunaandikiana, na mti unabaki umesimama mpaka nirudi.