Kuziba kati ya udongo na bati: uzoefu wangu na majiko ya mkaa

Jiko la mkaa lenye udongo ndani mara nyingi halianzi kuharibika kwenye udongo wenyewe. Huharibika pale kikombe cha udongo, yaani ile sehemu ya ndani inayobeba mkaa, kinapoachana na bati. Kinaanza kucheza, majivu ya moto yanapenya pembeni, bati linaungua hadi linatoboka, na mwenye jiko analitupa wakati kikombe bado kizima. Mimi hutengeneza na kukarabati majiko haya hapa Dar es Salaam, na kazi ninayoipa muda kuliko zote ni ile ambayo mnunuzi haioni: kujaza na kuziba nafasi iliyo kati ya udongo na bati. Kizibo kinatakiwa kiwe laini kuliko vile vinavyozibwa. Wengi hufanya kinyume, wanamwaga saruji.

Nianze na udongo wa kikombe, kwa sababu kikombe kibovu hakuna kizibo kitakachokiokoa. Sehemu kubwa ya mji huu imekaa juu ya mchanga, hivyo udongo wa kufinyangia unatafutwa pembeni, kuelekea Kibamba na Kisarawe, au kwenye vichuguu. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana, maana mchwa wamekwisha kuuchambua, chembe zake ni ndogo na mawe ni machache. Kwingine natupa kwanza futi mbili za juu zenye mizizi na mboji.

Ukishaupata, upime. Jaza theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache hadi kesho yake. Mchanga unatua chini kwa dakika moja hivi, chembe za kati zinafuata, na udongo mfinyanzi unakaa juu ya vyote. Tabaka hilo la juu likifika nusu ya kilichotua, naendelea. Kisha nafinyanga kipande bapa, nachora juu yake mstari wa milimita 100 kwa ncha ya kisu, nakiacha kikauke kivulini. Mstari ukibaki milimita 92 hadi 94, udongo unafaa. Ukishuka chini ya 90, kikombe kitapasuka kabla hata hakijaona moto, kwa hiyo udongo huo unahitaji kuongezewa chenga, yaani vigae vilivyotwangwa.

Kuna adui mwingine ambaye sisi wa pwani tunaye kuliko watu wa bara, nao ni chokaa. Udongo wa huku huwa na vipande vidogo vya matumbawe na makombe. Kikombe kikichomwa, vipande hivyo vinageuka chokaa hai. Kikombe kinatoka motoni kizuri, kinapelekwa sokoni, halafu baada ya siku chache chokaa ile inanywa unyevu wa hewa, inavimba na kubandua vipande vya udongo, kila shimo likiwa na kidoa cheupe katikati. Watu husingizia uchomaji, kumbe kosa lilikuwa kwenye udongo tangu mwanzo. Dondoshea udongo mkavu siki au maji ya ndimu: ukitoa povu, uache. Kama huna mwingine, uloweke uwe uji, uupitishe kwenye wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, na kitakachobaki juu ya wavu ukitupe. Kwa sababu hiyohiyo sitii mchanga wa ufukweni, ambao mbali na makombe una chumvi pia.

Mchanganyiko wangu wa kikombe napima kwa sado, lile kopo la kupimia sokoni: udongo sado tatu, chenga za vigae sado moja, pumba za mpunga zilizosagwa nusu sado. Chenga ni vyungu na vikombe vilivyovunjika, vikatwangwa na kuchekechwa hadi punje isizidi milimita 2. Zimekwisha kupita motoni, kwa hiyo hazisinyai tena, na ufa ukianza unakutana nazo unaishia hapo. Wapo wanaotumia mchanga badala yake ili kukwepa kutwanga. Shida ni kwamba punje za mchanga mweupe huvimba ghafla zikifika nyuzijoto 573 na kunywea zikishuka, na kitako cha jiko kinapita kiwango hicho kila mkaa unapokolea. Kutwanga vigae ni kazi ya mikono, lakini inalipa. Pumba nazo zinaungua wakati wa kuchoma na kuacha vitundu vinavyozuia joto lisikimbilie kwenye bati. Zikizidi nusu sado, kikombe kinakuwa chepesi lakini kinamomonyoka ukikikwangua na koleo.

Kukausha hufanyika kivulini, siku saba hadi kumi, na wakati wa masika zaidi. Upepo wa upande mmoja ndio unaopinda vikombe, hivyo navifunika nailoni siku mbili za kwanza, kisha nageuza mdomo chini. Kuchoma sielezi sana. Mwanzo uwe wa polepole kabisa, saa tatu au nne za moshi na joto dogo ili maji yote yatoke, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke yanapasua kikombe kwa kishindo. Baadaye ndipo makumbi na vifuu vya nazi vinaongezwa hadi udongo uwe mwekundu wa kung'aa. Kikipoa ukigonge kwa kijiti: mlio kama wa kengele ni salama, mlio mzito uliofifia maana yake kuna ufa hata kama huuoni.

Sasa bati. Mafundi wa Gerezani wanakata umbo la kiuno vizuri. Umbo hilo lilianzia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazo la awali lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Ninachoomba ni bati jeusi, lisilopakwa zinki. Bati la kuezekea lina zinki, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 420, na moshi wake ukivutwa unaleta homa na kubana kifua. Nafasi kati ya kikombe na bati iwe milimita 10 hadi 15 kuzunguka pande zote. Ikiwa finyu, hutaweza kushindilia. Ikiwa pana, kizibo kinasinyaa sana.

Kwa nini saruji inashindwa? Kwanza, udongo na bati havipanuki kwa kiasi kimoja wala kwa wakati mmoja. Kwa joto lilelile, chuma hupanuka karibu mara mbili ya udongo, lakini udongo ndio unaopata moto kwanza na kwa wingi. Kwa kikombe cha kipenyo cha sentimita 20, msogeo ni kama nusu milimita tu, ila saruji ngumu haina pa kuupisha, hivyo kikombe kinapasuka wima. Pili, saruji iliyokauka ina chokaa iliyoshika maji. Ikifika kati ya nyuzijoto 400 na 500 maji yale yanatoka, jiko likipoa chokaa inavuta unyevu wa hewa, nayo hewa yetu haikosi unyevu, inavimba na kuvunjika unga. Ndiyo maana jiko la saruji linaonekana imara dukani, halafu baada ya miezi unakuta changarawe chini ya meza.

Mimi naziba kwa tabaka mbili. La chini, linalochukua karibu nafasi yote, ni majivu ya mkaa yaliyochekechwa sehemu nne kwa udongo sehemu moja, maji kidogo tu: ukilibana mkononi lishikane, lisichuruzike. Hili halibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia joto na kusogea pale kikombe kinapovimba. Nalishindilia kwa kijiti bapa, kila sentimita 3 nasimama nagonga bati kuzunguka. Lisiposhindiliwa linashuka baada ya wiki chache, na juu linabaki shimo.

La juu, yaani sentimita 2 za mwisho kwenye ukingo, ndilo linalokutana na moto na kuguswa na sufuria. Hapa natumia chenga laini sehemu tatu, udongo sehemu mbili na kaolini sehemu moja. Kaolini ni ule udongo mweupe wa vilima vya Pugu. Peke yake haishikamani vizuri, ukiiviringisha inakatika, lakini ikiwa safi haiyeyuki hadi joto lipite nyuzijoto 1,700, kwa hiyo kwenye jiko haigeuki kigae kigumu. Ukingo unabaki na ulegevu kidogo, na hicho ndicho ninachokitaka. Mwanzoni mtu anaweza kudhani ukingo huu ni dhaifu kwa sababu kucha inauchora. Uache hivyo.

Kabla ya kuziba, lowesha kikombe. Udongo uliochomwa unafyonza maji, na ukipaka kizibo juu ya kikombe kikavu, maji yananyonywa papo hapo, kizibo kinakauka kabla ya kushika na kuambuka kama gamba. Nakitumbukiza kwenye ndoo hadi viputo vikome, napaka uji mwepesi wa udongo uleule kwa brashi, kisha naweka kizibo wakati uji bado unang'aa. Upande wa bati nao usuguliwe kwa msasa na kufutwa mafuta.

Jiko likae siku nne kivulini. Moto wa kwanza uwe wa kiganja kimoja cha mkaa kwa nusu saa, kisha lipoe lenyewe. Nyufa nyembamba kama unywele zitatokea kwenye ukingo na hazina madhara. Ufa unaoingiza ukingo wa sarafu unazibwa kwa mchanganyiko uleule wa juu, uliolegezwa kwa maji, baada ya kulowesha hapo tena. Usizimie mkaa kwa kumwagia maji ndani ya jiko. Maji baridi kwenye kitako chekundu yanapasua kikombe chochote, hata kilichofanyiwa kazi vizuri.

Kwa jiko la zamani linalocheza, usivunje kila kitu. Ng'oa ukingo, mimina tabaka la chini kwenye karatasi, angalia. Kama majivu yamekuwa unga mkavu lakini safi, yachekeche, yaongezee udongo na kuyarudisha. Yakiwa na ukurutu mweupe wa chumvi kutokana na mchuzi au maji ya wali yaliyofurika, yatupe, kwa sababu chumvi inavuta unyevu na kulila bati. Vipande vya ukingo wa zamani vitwange: ni chenga nzuri kwa ukingo mpya.