Muulizeni Jaffer

Juzi jioni nilikuwa barazani kwa Ami, Ngamiani barabara ya 12, kahawa mkononi na kashata imeshaanza kunata vidoleni, mabishano kama kawaida yetu watu wa Tanga. Vijana wanamcheka mchezaji mmoja wa mpira eti katemwa timu ya taifa na bado anajituma kwenye ligi kama chizi, sasa anamchezea nani? Ami hata hakunyanyua macho kwenye birika, akasema tu, "Muulizeni Jaffer." Kimya. Hakuna aliyemjua isipokuwa mimi, nikacheka peke yangu halafu moyo ukaniuma kidogo, ntawaambia kwa nini.

Wasim Jaffer ni mtoto wa dereva wa basi wa Mumbai, mpigaji wa kriketi, wale wanaotangulia kuingia kukabili mpira ukiwa bado mpya na mrushaji ana nguvu zake zote. India walimwita mara ya kwanza 2000 dhidi ya Afrika Kusini, akapata mikimbio (ndo pointi za kriketi) 4 na 6, akaja kurudi tena 2002, yani ingia toka ingia toka. 2006 akapiga 212 kule Antigua, visiwa vya Karibi. Mwishoni mwa 2007 akapiga 202 dhidi ya Pakistan pale Kolkata, na kama hujui India na Pakistan wakoje basi fikiria umemfunga mtani mabao matatu uwanja umejaa. Wiki chache baadae wakaenda Australia, mrushaji wao Brett Lee akamnyoosha kisawasawa, na ilipofika Aprili 2008 akacheza Test (mechi ya kimataifa ya siku tano) yake ya 31 ambayo ndo ikawa ya mwisho. Kutoka 202 mpaka mlangoni haikufika nusu mwaka. Ana miaka 30.

Sasa hapo wengi ndo wanasusa. Yeye akarudi Ranji Trophy, mashindano ya majimbo ya kwao India, mechi ya siku nne, majukwaa mara nyingi matupu, ukipiga mia leo kesho gazeti linakuweka chini kabisa. Akacheza hivyo hadi Machi 2020! Miaka kumi na mbili. Akawa mtu wa kwanza kufikisha mikimbio 12,000 ya Ranji, alipostaafu alikuwa na 12,038. Fainali kacheza 10 na zote 10 kachukua kombe, nane akiwa Mumbai na mbili akiwa Vidarbha, timu ya Nagpur ambayo ilikuwa haijawahi kulishika kombe hilo, wakalichukua msimu wa 2017/18 wakarudia 2018/19, na msimu huo wa pili mzee mzima na miaka yake 40 akapata mikimbio zaidi ya 1,000.

Watu wakimsimulia wanapenda kusema masikini, alivumilia, alisubiri simu. Mimi sikubali. Simu ya nini miaka 12, hata mkopeshaji anachoka. Na hao wanaosema aliipenda Mumbai yake, mbona alihama? Mi naona jamaa alipenda kupiga tu, kusimama pale mpira uje na aupige, tena mahali popote penye wiketi, vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji.

Ami anaujua mchezo huu kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Hadithi yake kubwa ni Kombe la Dunia la 1975, timu ya Afrika Mashariki imekwenda Uingereza, imepigwa mechi zote tatu, kwa India wametolewa wote kwa mikimbio 120 na India wakazipita bila kutolewa hata mtu mmoja. Nikamuuliza siku moja, Jumapili iliyofuata nyie huku mlifanya nini? Akanishangaa. "Tulicheza. Ilikuwa Jumapili."

Yeye ndo alonipa bati la kwanza, lile la kupigia mpira. Wengine huliita gongo, lakini jaribu kumwambia mama yako Tanga hii kwamba Ami kakupa gongo uone. Lilikuwa limepasuka ubavuni, kalifunga uzi mweusi wa kushonea viatu, akaniambia nilipake mafuta ya kitani, mimi na mshkaji wangu wa Chumbageni tukapaka ya nazi maana ndo yaliyokuwepo jikoni, likawa linavutia sisimizi. Mpira wetu wa tenisi tumeuzungushia selotepu ya umeme upande mmoja ili upinde njia hewani. Tulikuwa wazuri, wallahi.

Tukaitwa wote wawili kwenye mchujo wa vijana Dar. Siku tatu. Nilipewa nafasi ya kupiga dakika kumi, mtu aliyekuwa anaandika majina akawa anaongea na simu muda wote niliopiga, akarudi wakati natolewa. Nikapanda basi nimenuna kutoka Dar hadi Tanga, bati nikampa mdogo wangu, nikasema kriketi basi. Nina miaka 19! Mshkaji naye waliminya jina lake vilevile, ila Jumapili iliyofuata alikuwa uwanjani saa tatu asubuhi, na mpaka leo ana watoto wawili, kipara kinakuja, bado yupo.

Nlikuwa namcheka kama hao vijana wa barazani. Unamchezea nani mgosi?

Basi juzi baada ya kahawa nikamtext, Jumapili mna watu? Kajibu wamepungukiwa mmoja. Viatu nimevitafuta hadi uvunguni, kimoja soli imeachia, fundi kasema kesho. Nikamuuliza napiga namba ngapi.

Kasema kumi na moja, wa mwisho kabisa, tena nisichelewe.