Wiki tatu za kudanganywa na spektromita

Kwa wiki tatu niliamini nimegundua kitu. Utando wangu wa plastiki ya PET (ile ya chupa za maji), ulioyeyushwa na kupozwa ghafla bila kuvutwa, ulionyesha minyororo ya molekuli imelala upande mmoja. Haikuwa na sababu yoyote ya kulala hivyo.

Nilikuwa natumia mtawanyiko wa Raman: unamulika leza ya kijani ya nanomita 532 kupitia hadubini, kisha kwa spektromita, chombo kinachotenganisha rangi, unapima ile sehemu ndogo ya mwanga inayorudi ikiwa imebadilika rangi kwa mitikisiko ya molekuli. Kwenye PET natazama kilele cha karibu 1616 cm⁻¹ (kipimo cha badiliko hilo la rangi), kitokacho kwenye pete za benzini. Huwa kirefu zaidi mwanga ukitikisika sambamba na mnyororo.

Kosa langu ni kwamba sampuli niliiacha palepale, nikageuza uelekeo wa mtikisiko wa mwanga kwa nyuzi 90. Kilele kikaruka karibu mara mbili. Siku nilipogeuza sampuli yenyewe, hakikutikisika. Kumbe kilicholala upande kilikuwa chombo, si plastiki!

Ili kukipima chombo chenyewe, nikatumia kaboni tetrakloridi, kimiminika ambacho majibu yake yanajulikana (ni sumu, niliifungia ndani ya kijichupa cha kioo). Ukiweka kichujio kinachopitisha tu mwanga unaotikisika kukingama na leza, kilele chake cha 459 hufifia karibu kabisa, na vya 218 na 314 hubaki na uwiano wa 0.75 kulinganisha na mwanga ulio sambamba na leza, ambao ndio dari. Mimi nilipata 1.3. Gretingi, ile inayotenganisha rangi, ilikuwa ikipitisha upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Nikaweka bamba la nusu wimbi, kioo kinachogeuza uelekeo wa mtikisiko wa mwanga, baada ya kichujio, ili gretingi ipokee uelekeo uleule kila mara. Uwiano ukashuka hadi 0.74.

Lenzi pia ilinisumbua. Ile yenye mdomo mpana huchanganya pande za mtikisiko. Nyembamba haichanganyi sana, ila huchota mwanga kutoka mikromita kadhaa chini. Kwa hiyo "uso" ninaoupima mimi ni mnene. Anayetaka tabaka la mwisho kabisa la molekuli atumie leza mbili zinazojumlisha masafa ya mawimbi yake, kwani ishara yake huzimika ndani ya plastiki isiyo na mpangilio, ikabaki ya usoni tu. Vifaa vya namna hiyo sina.

Sasa utando uliovutwa hupandisha kilele kila mvuto wake unapokuwa sambamba na mwanga. Ule usiovutwa, nauzungusha duara zima, mstari haupandi wala haushuki.